Joho la Jirani: Somo Kutoka Milima ya Kaukazi



Mwanafunzi akitoka kwao kuja chuoni hubadilika: mavazi, chakula, hata lafudhi. Je, amekuwa mtu mwingine? Na akishafanana na wenzake, je, amewajua? Tuwatazame walowezi wa Kirusi wa Kaukazi, milima iliyo kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi.

Walikuwa nani?

Tangu karne ya 16, Wakosaki, wengi wao watu waliokimbia kutumikishwa na mabwana wa mashamba, walikaa karibu na mto Terek. Majirani zao walikuwa Wachechen, Wakabarda na Wakumyk. Kundi moja liliitwa Wagreben, kutokana na neno la Kirusi lenye maana ya mgongo wa mlima. Yaani hata jina walipewa na mlima.

Nini kilibadilika?

Walichukua kwa watu wa milimani joho refu lenye vifuko vya baruti kifuani, kofia ya manyoya, jambia, upandaji wa farasi na ngoma ya lezginka. Walifunga pia urafiki wa ukunaki, ambao kila mmoja huwajibika kumpokea na kumlinda mwenzake. Leo Tolstoy, aliyefika huko mwaka 1851, alionyesha katika riwaya yake juu ya Wakosaki (1863) kwamba walimheshimu adui wa mlimani kuliko askari Mrusi aliyelala nyumbani mwao.

Nini hakikubadilika?

Lugha yao ilibaki Kirusi, na dini yao Ukristo. Wagreben wengi walishika ibada ya zamani, wakayakataa mageuzi ya kanisa la Urusi ya karne ya 17. Hivyo mlima uliwabadilisha desturi, lakini haukuwang'oa katika imani.

Kufanana hakukutosha

Dola ya Urusi iliwafanya Wakosaki kuwa walinzi wa mpaka wake. Katika Vita vya Kaukazi (1817–1864), watu wa joho moja na jambia moja waliuana. Imamu Shamil, aliyeongoza Waislamu wa Dagestan na Chechnya, alikamatwa Gunib mwaka 1859. Alifariki Madina mwaka 1871 na kuzikwa Baqii. Wacherkesi wengi walifukuzwa, wakakimbilia dola ya Uthmaniya. Joho lile kwa Kirusi huitwa cherkeska, yaani la Wacherkesi. Walivaa vazi la watu ambao ardhi yao ilikuwa inachukuliwa!

Dhulma haikuishia hapo. Mwaka 1920 serikali ya Kisovieti iliwahamisha kwa nguvu Wakosaki wa vijiji kadhaa vya huko, na mwaka 1944 ikawahamishia Wachechen na Waingush wote Asia ya Kati.

Funzo kwetu

Suratul-Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba ubora uko katika uchamungu. Kujuana si kuiga nguo wala ngoma tu. Ni kumtambulia jirani haki yake, hasa pale mwenye nguvu anapotutaka tushiriki kumdhulumu. Ukunaki ulikaribia hapo; joho peke yake halikufika.

Maswali ya darsa

1. Ni desturi zipi tunaweza kuzipokea chuoni bila kugusa dini yetu?
2. Mwenzako wa kabila au dini nyingine akidhulumiwa, utasimama wapi?

Wallahu a'lam.