SOMO LA VIKUNDI: KILA MMEA NA CHUMBA CHAKE



Mwezi uliopita tulifanya safari ya mafunzo na kikundi cha akina mama kutoka Makueni. Tulienda Makumbusho ya Taifa, Nairobi, jumba lililofunguliwa mwaka wa 1930, tuone bustani yake ya mimea.

1. TULIONA NINI?
Bustani ile imegawanywa kama nyumba yenye vyumba. Sehemu moja ni ya mimea inayoweka maji ndani yake: kiluma na jamaa zake. Nyingine ni ya mimea ya dawa. Mama mmoja alicheka: "Hii si kiluma? Nyumbani tunaing'oa, huku watu wanalipa kuiona!"

Mwingine hakucheka. "Lakini mwalimu, hawa wana mfereji. Mimi naamka saa kumi usiku kwenda kuchimba maji mchangani."

2. SHIDA YETU IKO WAPI?
Aliyosema ni kweli. Kikundi hiki kilikuwa kimepanda sukuma, mipapai na mihogo pamoja, ikamwagiliwa yote sawasawa. Sukuma ikakauka, na muhogo ukapewa maji ambayo ungeweza kuyakosa. Basi akina mama wakaanza kulaumiana nani haendi mtoni, na wawili wakaacha kikundi. Kumbe hapakuwa na mvivu. Maji ndiyo yaligawanywa vibaya.

3. TUFANYE NINI?
Gawa boma lako kwa kiu ya mimea.

(a) Chumba cha jikoni. Hapa weka sukuma, dania na terere. Vinywe maji uliyooshea mboga na nafaka. Maji yenye sabuni nyingi usimwage hapa.

(b) Chumba cha paa. Panda papai au ndizi pale maji ya paa yanapoelekea, lakini si karibu na msingi wa nyumba. Chimba shimo la futi 2 kwa 2, kina futi 2, changanya udongo na samadi, kisha funika juu na nyasi kavu. Paa la mita 30 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hupokea lita 600. Hiyo ni mitungi 30 ya lita 20 ambayo hakuna mama aliyeibeba mgongoni.

(c) Chumba cha mpakani. Mbali na nyumba weka katani, kiluma na mukau. Mukau utunze ukiwa mchanga. Ukishashika, hautakudai maji kila siku.

Mashimo yawe tayari kabla ya mvua ya Oktoba hadi Desemba. Yachimbeni kwa mwethya, boma moja baada ya jingine.

MASWALI YA KUJADILI
1. Katika boma lako, ni mmea gani unakunywa maji bure?
2. Nani anabeba maji nyumbani? Je, yeye ndiye anaamua yaende wapi?
3. Kuna mwenzetu tuliyemwita mvivu akaondoka? Nani atamwendea?

Katibu aandike majibu, myasome tena mvua ikiisha.