Geti la gereji ya kirikuu na vidole viwili vya zege

Jumanne usiku mvua ilipiga Mandewa, hapa Singida mjini, kuanzia saa nane hadi karibu na adhana ya alfajiri. Ilikuwa mvua ya upepo, ile inayokuja imelala, inayogonga ukuta kuliko inavyogonga bati. Niliamka, nikachukua tochi, nikapita mlango wa jikoni hadi gereji, nikapiga magoti nyuma ya geti na kupapasa sakafu kwa kiganja. Kavu. Nikapapasa tena kona ya kushoto, ile iliyonitesa. Vumbi la juzi lilikuwa palepale, na nyayo za paka juu yake. Nikakaa juu ya gunia nikisikiliza maji yakichuruzika kwenye chuma, hatua moja kutoka nilipo, na hapo nikaamua kuandika. Kila wiki kuna jirani ananiuliza nilifanyaje.

Mtu akisikia Singida anafikiria ukame. Kweli, mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 600 na 800 hivi. Lakini huu ni mji wa upepo, na wapo waliokuja kuupima wakitaka kuufua umeme. Mvua ikija na upepo huo, kila ufa unajulikana. Kibaya zaidi ni ile miezi ya jua inayotangulia: mpira unakakamaa, rangi inabanduka, halafu mvua ya kwanza inakuta milango imeshafunguliwa. Ndiyo maana nasema geti la Singida linataka akili nyingi kuliko geti la mahali ambako mvua hainyeshi kwa hasira.

Gereji yangu ni ndogo, mlango wake futi tisa kwa futi nane. Ndani analala kirikuu, na nyuma yake napanga alizeti. Msimu wa 2023 bei ilinikatisha tamaa, nikaweka magunia 22 nikisubiri mwisho wa mwaka. Geti lilikuwa jipya kabisa, lina miezi mitano. Desemba ile ndiyo iliyoleta maafa ya maporomoko ya tope Katesh, kwa majirani zetu wa Hanang, na sisi huku tulikuwa tunaangalia mawingu kwa hofu. Januari 2024, usiku mmoja, maji yakaingia. Sikuyasikia. Asubuhi nilipofungua, kirikuu amesimama kwenye dimbwi, na safu nzima ya chini ya magunia imekunywa maji. Nilipopasua gunia la kwanza nikaingiza mkono, katikati palikuwa na joto kama ugali uliofunikwa. Yeyote aliyewahi kuweka alizeti anajua joto hilo maana yake ni nini. Magunia sita nilianika barazani siku nne nikiwinda jua kati ya mvua na mvua, na mawili niliwapa kuku.

Nikampigia fundi aliyelitengeneza. Akaniambia, "Mama, hiyo ni El Niño, geti halina tatizo." Alikuja baada ya siku tisa na kipande cha mpira wa tairi, akakipiga ripiti chini ya geti, akalipwa. Mvua iliyofuata maji yakaingia na yakashindwa kutoka, kwa sababu sasa mpira uliyazuia kwa ndani. Akarudi na engo ya chuma, akaifunga sakafuni kwa boliti na kuizungushia silikoni, akalipwa tena. Silikoni ile ilishika wiki tatu. Mara ya tatu nilipompigia simu ikawa haipatikani, na haijapatikana hadi leo. Kosa la kumlipa yote mapema ni langu, lakini la kuniambia geti halina tatizo ni lake, na bado linaniuma.

Nilikusudia kuwapangia hatua, moja hadi saba. Hatua ya kwanza ni kuchagua aina ya geti, na hapo nina msimamo. Shata ni nzuri kwa duka la barabarani. Kwa gereji ya nyumbani hapa kwetu sizipendi: vumbi la Agosti linajaa kwenye mikunjo yake na kwenye njia za pembeni, upepo unazitikisa usiku kucha, na ikigoma kupanda unamsubiri fundi wa Dodoma. Geti la kuteleza kwenye reli ni zuri kama una ukuta mrefu pembeni, mimi sina. Nikabaki na geti la pande mbili, na hili la pili nikasisitiza lifunguke kwa nje. Geti la kufunguka kwa nje linakaa juu ya fremu yake, kwa hiyo upepo wa mvua unalisukuma lijibane zaidi. Lile la kwanza lilifunguka kwa ndani, na kila upepo ulipovuma ulikuwa unalifungua kidogo, upana wa unyasi tu, na unyasi unatosha.

Hatua ya pili ni chuma chenyewe. Muuzaji mmoja mjini aliniapia kwamba shiti zake ni geji 16. Mimi sina jicho la kutofautisha geji, lakini najua hesabu. Shiti ya futi nane kwa nne yenye unene wa milimita 1.5 inatakiwa kuwa na kilo 35 hivi. Ya milimita 1.2, ambayo ndiyo geji 18, inakuja kilo 28. Na Singida ukikosa kila kitu hutakosa mzani. Nikamwambia kijana wa mkokoteni apitishe shiti moja kwenye mashine ya kukamua alizeti iliyo njiani, tukailaza juu ya mzani wa magunia. Kilo 28 na nusu. Tukaigeuza, tukapima tena, kilo 28 na nusu. Nilirudi na shiti yake nikaiweka mlangoni pake mbele ya wateja watatu, sikupaza sauti, nikamtajia kilo tu. Alinirudishia hela yangu bila kunitazama. Duka la pili nilikwenda nikiwaambia mapema kwamba nitapima, na walinisaidia kubeba. Nunueni mnakotaka, ila piteni mzanini kwanza.

Hatua zinazofuata ni vipimo, rangi ya kuzuia kutu, kufuli: hayo fundi yeyote anayajua. Piga rangi hata sehemu zisizoonekana. Kufuli nimebaki na Tri-Circle ya shaba, imenitosha.

Sasa nije kwenye zege, maana humo ndimo lilimokuwa tatizo muda wote nikilaumu mpira.

Fundi wa pili ni mzee wa Misuna, mtu aliyezeeka akichomelea bodi za malori. Alipofika hakuligusa geti. Aliinama, akaangalia sakafu kwa jicho moja kama anayepima bunduki, akaniomba ndoo ya plastiki yenye mfuniko wake na kikombe cha maji. Akaifunika ndoo, akamwaga maji juu ya mfuniko. Yakatiririka pembeni yote, ndani halikuingia hata tone. Kisha akaugeuza mfuniko ule juu chini, akautumbukiza mdomoni mwa ndoo, akamwaga tena. Nusu ya kikombe ikaishia ndani. "Mwanangu," akasema, "huyu mwenzangu alikuwekea mfuniko wa namna hii. Hata ukiuzungushia mpira wa lori zima, maji yataingia."

Alichomaanisha ni hiki. Sakafu yangu ya ndani na njia ya nje ya kirikuu vilikuwa usawa mmoja, zege moja lililopita chini ya geti moja kwa moja. Maji yanayoteremka kwenye uso wa geti yakifika chini yanatua juu ya zege hilo, na upepo unachagua yaende wapi. Dawa ni kuishusha nje. Alichukua nyundo na tindo, akavunja zege lote la nje kuanzia mstari wa geti kuja mbele mita moja na nusu. Sakafu ya ndani ikaishia kwa ukingo uliokatwa wima, na zege jipya la nje likamwagwa chini ya ukingo huo kwa vidole viwili, sentimita nne. Kutoka hapo likainamishwa kwenda nje, sentimita mbili kwa kila mita, kwa kupima na mpira wa maji. Mimi ndiye nilishika ncha moja ya mpira, na kila nilipotikisika alinigombeza.

Halafu geti likatengenezwa refu kupita sakafu. Ukilitazama kwa ndani likiwa limefungwa, hulioni mwisho wake wa chini: umejificha nyuma ya ukingo, umeshuka sentimita mbili chini ya sakafu, na chini yake kumebaki nafasi ya sentimita mbili nyingine kabla ya zege la nje. Nafasi hiyo iko wazi na haina mpira. Watu wote wanaokuja kuangalia wanaonyesha kidole hapo hapo: mbona hapa pako wazi? Pako wazi ili maji yadondoke na kuondoka. Ili yaingie ndani inabidi yapande ngazi. Mpira upo juu na pembeni tu, pale geti linapogusa fremu, na tuliujaribu kwa kubana kipande cha gazeti na kukivuta; kikitoka bila kukwama, bawaba inarekebishwa.

Kabla sijamalizia malipo tulilijaribu kwa majivu. Nilichekecha majivu ya jikoni, tukayatandaza membamba ndani, nyuma ya geti, kutoka kona hadi kona. Kijana wake akapanda kwenye kiti nje na ndoo, akawa anarusha maji kwa nguvu, ndoo kumi na mbili. Majivu yakilowa yanageuka meusi, hata tone moja linaonekana kama doa la wino. Ndoo ya saba likatokea doa, kona ya kushoto, dogo kama punje ya mtama. Mzee akalala chini, akakuta kokoto moja imetokeza kwenye ukingo ikiligusa geti, maji yalikuwa yanaitumia kama daraja. Akaikata kwa grainda. Ndoo tano zilizobaki, majivu yalibaki meupe. Hapo ndipo nilipotoa hela iliyobaki, na nilitoa kwa moyo mweupe.

Lipo jambo lingine alilonionyesha siku aliyolishusha lile geti la zamani. Alilisimamisha ukutani, akatoboa kwa drili ile skwea paipu ya chini. Maji yakaruka yenye rangi ya chai, yakaendelea kutoka kwa muda mrefu, na mwisho yakatoka na magamba ya kutu. Geti lilikuwa halijamaliza hata mwaka, nje rangi inang'aa, ndani linaoza. Maji yanapenya kwenye viungo vilivyochomelewa vibaya na hayana pa kutokea. Kwa hiyo geti jipya lina vitundu vinane kwa chini, vinne kila upande, vya milimita sita.

Vitundu hivyo vumbi la kiangazi linaviziba. Kila Novemba, kabla wingu la kwanza halijasimama, nafungua geti, nalishikiza kwenye ndoano za nondo nilizozijengea pembeni ili upepo usilipige, natandika gunia na kulala chali na spoku ya baiskeli mkononi, navipitisha kimoja baada ya kingine hadi nione mwanga.