Mafuta Yaingie Ndani ya Cheni

Kijiweni asubuhi, si ajabu kumwona dereva wa bodaboda akiimiminia cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini jana yake. Kelele zinakata, abiria anapanda, safari inaanza. Kufika mchana, hasa kwenye barabara za vumbi za Dodoma wakati wa kiangazi, cheni imevaa koti jeusi la mchanga. Oili iliyokwisha kutumika ina masizi na chembechembe za chuma; ikikutana na mchanga husaga badala ya kulainisha.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutumia cheni namba 428. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, hivyo pingili 20 za cheni mpya zina urefu wa milimita 254. Cheni ikirefuka, si mabamba yaliyovutika. Ni pini na bushi zimelika, kila moja kidogo kidogo, mpaka cheni nzima inalegea. Mafuta yanatakiwa huko ndani; grisi ya kupaka juu haifiki, tena hunasa vumbi.

Kabla ya kusafisha, pikipiki isimame kwa stendi ya kati, injini izimwe, gia iwe frii, tairi lizungushwe kwa mkono. Hapa hakuna mjadala. Wanaozungusha tairi kwa injini huku wameshika tambara hupoteza vidole: tambara likinaswa na sproketi, mkono unafuata kabla mtu hajafikia swichi.

Mafuta ya taa kidogo na burashi vinatosha. Petroli iachwe, inashika moto upesi mno.

Cheni ikishafutwa na kukauka, oili ya gia idondoshwe upande wa ndani wa sehemu ya chini ya cheni, tone kwa kila pingili. Cheni ikizunguka, oili husukumwa kwenda nje na kupenya kwenye pini. Jioni ndiyo saa nzuri, cheni ikiwa bado na joto. Asubuhi, oili iliyobaki juu ifutwe. Kwa wastani kazi hii hufanywa kila kilomita 500, yaani kila siku ya tano kwa anayetembea kilomita 100 kwa siku. Mvua ikinyesha, asisubiri.

Meno ya sproketi yakishachongoka na kulala upande, oili haisaidii tena. Cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja, maana sproketi kuukuu huila cheni mpya. Fundi akifunga klipu ya kuunganishia cheni, upande wake usio na mwanya utangulie kule cheni inakoelekea.