SOMO LA TAWI: Kahawa Yenye Alama ya Shamba, Nani Alipe Gharama?

Katika somo hili tutazame utaratibu mpya unaoingia mashambani: kuandikisha kila shamba la kahawa kwa simu na setilaiti.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia mazao yanayotoka katika ardhi ambayo msitu wake umefyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Kahawa na kakao zimo. Desemba 2025 tarehe ya kuanza kwa makampuni makubwa ilisogezwa hadi 30 Desemba 2026. Kampuni itatakiwa kuonyesha kahawa ilikotoka. Shamba la zaidi ya hekta 4 huchorwa mipaka yake yote. Lililo dogo kuliko hapo latosha kuwekewa alama moja ya mahali.

FAIDA. Misitu hupata ulinzi. Shehena ikiwa na kasoro, chanzo hujulikana upesi, wala wilaya nzima haibebi lawama ya mtu mmoja. Mkulima naye huwa na ushahidi kwamba hakufyeka msitu.

GHARAMA. Nchini Uganda kahawa nyingi hutoka kwa wakulima wadogo, na Ulaya ni soko lake kubwa. Kuyafikia mashamba hayo kwataka watu, simu, mafuta na mafunzo. Tena sheria hairuhusu kahawa inayojulikana ilikotoka kuchanganywa na isiyojulikana. Basi asiyeandikishwa aweza kukataliwa na mnunuzi, hata kama hakukata mti hata mmoja. Na gharama ya mnunuzi yaweza kumrudia mkulima kwa njia ya bei ndogo ya kilo.

KAZI YETU. Setilaiti huona miti, haioni mshahara wa kibarua anayechuma. Lakini sheria hiyohiyo yataka mazao yapatikane kwa kufuata sheria za nchi, zikiwamo za haki za kazi. Hapo ndipo tushike. Mwajiri anayejua kila gunia lilitoka shamba gani hawezi kudai kwamba hajui nani alichuma na alilipwa kiasi gani.

Hatuupingi utaratibu huu. Twadai mnunuzi achangie gharama, mkulima apewe nakala ya kumbukumbu za shamba lake, na chama kishirikishwe haki za kazi zinapokaguliwa.

Maswali ya kujadili:
1. Katika eneo letu, nani anaandikisha mashamba, na nani anamlipa?
2. Kumbukumbu hizo zinawekwa wapi?
3. Vibarua wa msimu wameandikwa popote?