Jibini ya Nyumbani: Maziwa ya Jioni Yasimwagwe

Katika vijiji vingi vya nchi ya baridi, tangu Limuru na Nyandarua hata Nandi na Kericho, mara nyingi lori la maziwa hupita asubuhi tu. Maziwa ya asubuhi huchukuliwa na chama cha ushirika, lakini yale ya jioni hubaki nyumbani. Watoto hunywa, chai hupikwa, jirani hupewa chupa yake. Na bado hubaki lita kadhaa ambazo kesho zitakuwa zimechacha. Wakati wa masika hasara huzidi, kwa kuwa majani ni mengi, ng'ombe hutoa maziwa kupita kiasi, na njia za udongo hazipitiki.

Baadhi ya maziwa hayo yaweza kuokolewa kwa kugeuzwa kuwa jibini. Kazi hii haitaki mashine wala fedha nyingi. Inataka moto, kitambaa, malimau na chumvi. Na zaidi ya vyote inataka usafi. Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kuifanya, na jambo moja ambalo kila mtengenezaji hana budi kulishika: jibini haiyasafishi maziwa machafu. Ubaya ulioingia katika ndoo waweza kufika mpaka mezani.

JIBINI NI NINI?

Wako watu wanaodhani kwamba jibini ni chakula cha Wazungu peke yao. Sivyo. Neno lenyewe limetoka katika lugha ya Kiarabu. Majirani zetu wa Ethiopia hutengeneza jibini nyeupe iitwayo ayib, kwa kupasha moto maziwa yaliyochacha ambayo siagi yake imekwisha kutolewa. Wafulani wa Afrika Magharibi nao hugandisha maziwa kwa utomvu wa mmea. Basi ni ufundi wa wafugaji wa mahali pengi.

Ukiyagawanya maziwa katika sehemu mia, karibu sehemu 87 ni maji. Zilizobaki ni mafuta, sukari ya maziwa, madini, na protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Protini iliyo nyingi zaidi katika maziwa huitwa kasini. Huelea majini katika chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo kwa kawaida husukumana, hazishikani. Zikikutana na uchachu wa limau katika maziwa ya moto, huacha kusukumana, hushikana pamoja, na kuyanasa mafuta ndani yake. Hapo utaona mabonge meupe yakijitenga na maji. Ukiyachuja maji hayo, mabonge yanayobaki ndiyo jibini.

CHAGUA MAZIWA

Jibini njema huanzia zizini. Osha mikono na kiwele kabla ya kukamua, ukikaushe kiwele kwa kitambaa safi, na ukamulie katika chombo cha madini chenye mdomo mpana. Mtungi wa plastiki wenye shingo nyembamba hauoshwi vizuri ndani, na uchafu wa jana huharibu maziwa ya leo.

Usitumie maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, wala maziwa ya siku za kwanza baada ya kuzaa. Ikiwa ng'ombe ametiwa dawa, ngoja mpaka zipite siku zote alizoagiza mganga wa mifugo. Tena usimlishe ng'ombe mahindi yaliyoota ukungu ati kwa sababu hayafai kwa watu. Ukungu huo waweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Sehemu yake hutoka katika maziwa, wala moto hauiondoi.

Maziwa yawe mabichi ya siku ile ile. Wengine hungoja mpaka yameanza kunuka ndipo wakumbuke jibini. Hilo ni kosa, kwa maana maziwa yaliyoanza kuchacha huganda sufuriani kabla hayajapata moto wa kutosha kuua vijidudu.

KWA NINI MOTO NI LAZIMA

Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Waingereza, aligundua vijidudu vya homa iliyokuwa ikiwasumbua askari katika kisiwa cha Malta. Miaka mingi ikapita watu wasijue jinsi vijidudu hivyo vinavyoingia mwilini. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, aliona kwamba mbuzi wa kisiwa hicho, hata wale walioonekana wazima kabisa, walikuwa navyo, na kwamba vilitoka katika maziwa yao. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na wagonjwa wakapungua sana.

Ugonjwa huo, uitwao bruselosi, uko Kenya pia, kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, viungo huuma, na mgonjwa aweza kukaa miezi mingi bila nguvu za kazi. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni malaria, akapewa dawa isiyomsaidia. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho chaweza kumpata mtu kwa njia ya maziwa mabichi. Kumtazama ng'ombe kwa macho hakutoshi kujua kama yu mzima. Lakini moto huviua vijidudu vya magonjwa yote mawili.

JINSI YA KUFANYA

Tayarisha lita 5 za maziwa, kikombe kimoja cha maji ya limau au ndimu yaliyochujwa, kama mililita 200, na chumvi. Siki pia yafaa. Chemsha kitambaa cha pamba na kijiko katika maji kwa dakika kumi.

1. Chuja maziwa, uyatie katika sufuria safi. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu ndiyo bora. Ukiwa na ya aluminiamu, usiyaache maziwa yenye limau yakae humo muda mrefu.

2. Pasha moto polepole, ukikoroga mpaka chini ili yasiungue. Kama unapikia kuni, funika ili moshi usiingie, ufunue wakati wa kukoroga tu. Mwenye kipimajoto afikishe nyuzi 85 hadi 90 za Selsiasi. Asiye nacho atazame povu: likianza kupanda pembeni, maziwa yamekaribia kuchemka. Yashike katika moto huo kwa dakika tano.

3. Epua. Tia maji ya limau kidogo kidogo, ukikoroga taratibu. Mabonge yakitokea, na maji yakigeuka kuwa ya kijani-manjano na kung'aa, acha kutia. Si lazima kikombe kiishe. Limau likizidi, jibini huwa kali. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza kijiko kimoja kimoja.

4. Funika, uache kwa dakika kumi bila kugusa.

5. Tandaza kitambaa juu ya chujio au kikapu safi kilicho ndani ya beseni, umimine humo. Kusanya pembe nne za kitambaa, ukitundike kwa nusu saa maji yadondoke.

6. Fungua, utie vijiko viwili vidogo vya chumvi, uchanganye sawasawa. Funga tena kitambaa, uweke kati ya sahani mbili, na juu yake uzito wa kilo mbili au tatu, kama sufuria yenye maji. Acha muda wa saa mbili.

Lita 5 za maziwa mazuri hutoa jibini ya nusu kilo hadi robo tatu ya kilo. Maziwa yenye mafuta mengi hutoa zaidi. Yaliyotiwa maji hutoa kidogo, na hapo mwenye hila hujidanganya mwenyewe.

KUILA NA KUITUNZA

Jibini ya namna hii haiyeyuki motoni. Ikate vipande, uikaange mpaka iwe rangi ya dhahabu, kisha uitie katika mchuzi wa vitunguu na nyanya, au katika sukuma wiki. Siku ambayo nyumba haina nyama, watoto watakuwa wamepata chakula cha kujenga mwili.

Yale maji yaliyochujwa yasimwagwe. Yana sukari ya maziwa na madini. Yafaa kukandia unga wa chapati, na nguruwe huyapenda.

Hata hivyo, usidanganyike kwamba jibini hii itakaa mwezi. Ina maji mengi bado. Bila friji, iweke mahali pa baridi na uile siku ile au kesho yake. Ndani ya friji, ikiwa imefunikwa vizuri, hukaa kama juma moja. Ikiteleza, ikinuka au ikiota ukungu, itupe. Jibini ngumu zinazokaa miezi hugandishwa kwa dawa ambayo tangu zamani ilitolewa katika tumbo la nne la ndama, kisha hukamuliwa kwa uzito mkubwa na kutunzwa katika chumba chenye baridi na unyevu uliopimwa. Huo ni ufundi wa kufundishwa, si wa kubahatisha.

Anayetaka kuuza ajue kwamba biashara ya maziwa na vyakula vitokanavyo na maziwa ina sheria zake. Baraza la Maziwa la Kenya, lililoundwa mwaka 1958, ndilo litoalo leseni. Kabla ya kununua vyombo vingi, mwulize afisa wa mifugo wa kaunti yako. Lakini kwanza tengeneza ya kuwalisha watu wako mwenyewe, mara tano au sita, mpaka mkono uzoee. Mtu asiyeweza kuila jibini yake kwa moyo mkunjufu asimwuzie mwenzake.

MASWALI

Soma tena somo hili, kisha ujibu bila kutazama:

1. Kwa nini maziwa yaliyoanza kuchacha hayafai kwa jibini hii?
2. Zammit aligundua nini mwaka 1905, nasi twajifunza nini kwake?
3. Utajuaje, bila kipimajoto, kwamba maziwa yamepata moto wa kutosha?
4. Ni ubaya gani ulio katika maziwa ambao moto hauwezi kuuondoa?

Aliyeyajibu yote manne anaweza kuwasha moto jioni ya leo.