SOMO LA AFYA: Mgonjwa Anavyoachishwa Mashine ya Kupumulia

Mkazi wa Urambo ambaye ndugu yake amepewa rufaa kwenda Kitete, Tabora, au Bugando, Mwanza, na kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, huenda akaambiwa: "Leo tunajaribu kumtoa kwenye mashine." Wengi hushtuka, wakidhani matumaini yamekwisha. Mara nyingi maana yake ni kinyume chake.

Mashine hiyo husukuma hewa mapafuni kupitia mrija uliopitishwa kinywani. Huweza kumwokoa aliyeumia kichwa katika ajali ya pikipiki, aliyegongwa na nyoka ambaye sumu yake hulegeza misuli, au aliyedhurika kwa viuatilifu, hatari ambayo wakulima wetu wa tumbaku hawana budi kuikumbuka. Hata hivyo, kila siku inayozidi hudhoofisha misuli ya kupumua na kukaribisha maambukizi ya mapafu. Ndiyo maana madaktari hawapendi kuchelewa.

Zamani ilidhaniwa kwamba kuachisha mashine ni kama kumwachisha mtoto ziwa: kidogo kidogo. Wengine walipunguza idadi ya pumzi zinazotolewa na mashine, wengine nguvu ya msukumo wa hewa. Njia ya tatu ni jaribio: mgonjwa huachwa apumue mwenyewe kwa dakika 30 hadi saa 2, mrija ukiwa bado mahali pake, huku akiangaliwa kwa makini.

Mwaka 1995 madaktari wa Hispania walichapisha ulinganisho wa njia hizo. Kati ya wagonjwa 546 walioonekana kuwa tayari, ni 130 tu walioshindwa jaribio la kwanza la saa 2. Kwa hao 130, jaribio moja kila siku liliwatoa kwenye mashine kwa kasi ya karibu mara 3 kuliko kupunguza pumzi, na karibu mara 2 kuliko kupunguza msukumo. Kurudia jaribio mara nyingi kwa siku hakukuleta faida zaidi. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 1994 uliipendelea njia ya kupunguza msukumo. Kupunguza pumzi hakukusifiwa na yeyote.

Kabla ya jaribio, dawa za usingizi hupunguzwa, hivyo mgonjwa anaweza kufumbua macho na kuhangaika. Mshikeni mkono, mwiteni kwa jina. Akichoka, hurudishwa kwenye mashine na kujaribiwa tena kesho; huko si kufa moyo. Mrija ukishatolewa sauti hukwaruza, na umezaji huweza kuwa dhaifu. Uji mliotoka nao nyumbani usubiri ruhusa ya muuguzi.