Niliyojifunza Nikitafiti Maafa

1. Anayefika kwanza ni jirani. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi walifika na mitumbwi yao kabla ya vikosi vya uokoaji. Waliokuwemo ni 43, walinusurika 24. Ukara nako, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati, waliowahi kuokoa ni watu wa kisiwani. Hata hivyo mipango mingi niliyoisoma inamtaja mvuvi kama mtu wa kuokolewa tu. Mimi naona fedha za awali zimwendee yeye: maboya, kamba, mafunzo ya huduma ya kwanza, na namba 114 ya zimamoto ambayo ikipigwa inapokelewa.

2. Mvua haiui peke yake. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande. Baadhi zilirudi bondeni, na wapo walioziita kaidi. Ukikaa na waliorudi barazani unasikia hesabu nyingine kabisa: kibarua kiko Kariakoo, na nauli ya kwenda na kurudi inameza chote ulichopata. Anayehamisha watu bila kuhamisha riziki yao ajue watarudi, na kosa si lao.

3. Sheria ya usimamizi wa maafa tunayo. Ya mwaka 2015 ilifuatiwa na nyingine mwaka 2022, na kamati za maafa zinashuka hadi kijijini. Nikifika kijijini huuliza jambo moja: usiku wa manane, ufunguo wa stoo ya vifaa vya uokoaji anao nani?

4. Wakazi wana data. Katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaa na mitaro, na wenyeji wakaeleza maji yalifika wapi. Bibi aliyeishi miaka mingi kando ya mto anajua mkondo wa zamani ulikopita. Tukimaliza utafiti, ramani ibaki ofisi ya mtaa, ibandikwe bibi huyo anapoweza kuiona.

5. Dodoso lisubiri. Matope ya Mlima Hanang yaliposhukia Katesh, Desemba 3, 2023, watu walikuwa bado wanatafuta ndugu zao. Wakati kama huo mtafiti ashike koleo au akae kando. Maswali yaje baada ya matanga, kwa ruhusa ya wafiwa, na anayekataa kujibu asiulizwe mara ya pili.